Molekuli ndogo za salfa ndani ya bakteria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa muda mrefu, mengine ni ya wanafunzi wa maabara, mengine ya majirani wakishajua kazi yangu ni kuotesha bakteria, na kuna yale ya dada zangu wa saluni ambayo ukweli yalinifundisha mimi pia. Nimeanza na yale mepesi halafu tunaenda mpaka yale yanayosumbua. Pale jibu lilipokwisha kutolewa nitakwambia urudi swali gani, sirudii.

## Mambo ya kuanzia

1. Hivi hiyo salfa si ndo ile ya kiberiti? Inafanya nini ndani ya bakteria?

Ndo hiyohiyo, ule unga wa njano ambao wazee wanauita kibiriti upele kwa sababu walikuwa wanaupaka kutibu upele. Ukimkausha bakteria kama E. coli ukampima, salfa ni kama asilimia 1 tu ya uzito wake, lakini iko sehemu nyeti kweli. Iko kwenye amino asidi mbili, sisteini na methionini, iko kwenye vitamini B1 na biotini, iko kwenye asidi ya lipoiki, iko kwenye koenzaimu A (ambayo ilimpa Fritz Lipmann Nobel mwaka 1953), na iko kwenye vile vifundo vya chuma na salfa vinavyopitisha elektroni seli ikipumua. Bila salfa hakuna bakteria anayeishi.

2. "Molekuli ndogo" maana yake ndogo kiasi gani?

Ndogo ukilinganisha na protini. Ukihesabu atomu ya haidrojeni kuwa na uzito wa 1, protini ya kawaida ina uzito wa makumi elfu, lakini glutathioni ni 307, basilithioli 398, mikothioli 486 (hizi tatu zinakuja swali la 6 mpaka la 8), na koenzaimu M (swali la 17) ni 142 tu, ndo koenzaimu ndogo kuliko zote zinazojulikana. Udogo huo unazisaidia, zinapenya kila kona ya seli na zinatengenezwa nyingi. Kwenye E. coli glutathioni inafika milimola kadhaa kwa lita, yaani ni kati ya vitu vilivyojaa zaidi mle ndani.

3. Hiyo SH mnayoitaja kila saa ina nini cha ajabu?

Hapa tukae kidogo maana ukielewa hili yaliyobaki yote yanafunguka.

SH ni salfa iliyoshika haidrojeni moja, kikundi chake kinaitwa thioli. Ina tabia tatu. Ya kwanza, SH mbili zikikutana kwenye mazingira ya oksijeni zinaachia haidrojeni zao na salfa zinashikana zenyewe kwa zenyewe, kama watu wawili wanavyopeana mkono, na zinaweza kuachiana tena. Ya pili, SH inatoa elektroni kirahisi kwa hiyo sumu za oksijeni zinaishia kwake badala ya kuunguza kitu cha maana. Ya tatu, inang'ang'ania metali nzito kama zebaki na aseniki, na pia sumu zenye "ndoano" za kikemia.

Mfano wa karibu ni saluni. Nywele zako zimejaa sisteini na zinashikiliwa na hiyo mikono ya salfa, ndo maana unywele ukiungua unanuka vile. Anayeweka kalikiti anapakwa kwanza dawa yenye thioli, inaachanisha ile mikono, nywele inalegea, wanaizungusha kwenye rola, halafu wanapaka dawa ya pili inayoirudisha mikono ishikane ikiwa kwenye mkunjo mpya. Dada yangu mmoja msusi alivyonielezea hatua zake nikamwambia aisee unafanya kemia ileile ambayo bakteria anaifanya kila sekunde, tofauti ni kwamba yeye hahitaji rola.

4. Bakteria anaipata wapi salfa?

Wengi wanaanza na salfeti, chumvi iliyopo kwenye udongo na maji. Shida ni kwamba salfeti imekaa imara sana haitaki kubadilika, kwa hiyo E. coli inabidi alipe: anatumia ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) kuiamsha, anaigeuza kuwa salfaiti, halafu anaisukumia elektroni mpaka inakuwa salfaidi. Ukihesabu safari nzima kutoka salfeti mpaka salfaidi ni elektroni 8 kwa kila chembe moja ya salfa. Ile salfaidi inapachikwa kwenye amino asidi ya serini iliyoandaliwa, na hapo ndo sisteini inazaliwa. Kutoka kwenye sisteini zinatoka karibu zote tunazozungumzia humu.

Akikuta sisteini imeshatengenezwa na mtu mwingine anaichukua na kuzima kiwanda chake. Hakuna anayepika wakati chakula kipo mezani.

5. Sasa kama sisteini ina SH, kwa nini wasiitumie hiyohiyo? Kwa nini wahangaike kutengeneza glutathioni na wenzake?

Swali zuri kuliko yote na wanafunzi wengi hawaliulizi. Sisteini ikiwa nyingi na huru ni hatari. Inampa elektroni chuma kilichopo ndani ya seli, chuma kikikutana na haidrojeni peroksaidi kinazaa chembe kali sana inayokata DNA. E. coli akijaziwa sisteini halafu akakutana na peroksaidi anakufa kwa kiwango ambacho kwa kawaida angevumilia.

Kwa hiyo bakteria anaiweka sisteini kidogo, na ile SH anaifunga ndani ya molekuli kubwa kidogo ambayo haichezi na chuma hovyo. Ni kama makaa, huyashiki mkononi, unayaweka kwenye jiko. Glutathioni, mikothioli na basilithioli ni majiko ya maumbo tofauti, moto ni uleule wa sisteini.

## Koo tatu za thioli

6. Glutathioni ni nini, na nani anayo?

Ni amino asidi tatu zilizoungwa: glutameti, sisteini na glaisini, ila ile ya kwanza imeungwa kwa upande usio wa kawaida kwa hiyo vimeng'enya vinavyokata protini haviigusi. Jina lilitolewa na Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge mwaka 1921, na ilichukua mpaka 1929 kukubaliana kwamba ni tatu, mwanzoni alidhani ni mbili.

Wanayo E. coli, Salmonella, Pseudomonas na ndugu zao, wanayo pia wale bakteria wa kijani wanaotumia jua, na wewe unayo. Robert Fahey wa San Diego alipendekeza kwamba sisi tuliirithi kutoka kwa bakteria waliokuja kuwa mitokondria. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba amiba yule wa kuhara damu, Entamoeba histolytica, hana glutathioni kabisa, na kweli mdudu huyo hana mitokondria ya kawaida.

Kazi moja ambayo naipenda: sukari ikichakatwa vibaya inazaa sumu inaitwa methiliglioksali. Glutathioni inaikamata, na ule mkusanyiko wa glutathioni na sumu unaenda kufungua mlango maalumu kwenye utando wa seli, potasiamu inatoka, asidi ndani inapanda kidogo, na hiyo asidi inalinda DNA isiumizwe. Yaani molekuli moja inakamata mwizi na hapohapo inapiga kengele.

Kwenye maabara E. coli aliyenyimwa jeni ya kutengeneza glutathioni anakua tu vizuri ukimlea kwa upole. Shida inaonekana ukimletea misukosuko.

7. Na mikothioli? Nasikia ndo ya TB.

Ndiyo, ukoo wa TB wote hawana glutathioni, wana mikothioli, pamoja na ndugu zao Streptomyces wa kwenye udongo ambao wanatupa antibayotiki nyingi. Ilitambuliwa miaka ya 1990. Umbo lake ni sisteini yenye kofia, imekaa kwenye sukari ya glukosamini, nayo imeshikwa na inositoli.

Fikiria mdudu wa TB yuko wapi. Amemezwa na seli ya kinga ya mapafu, na ile seli inammwagia peroksaidi na naitriki oksaidi usiku na mchana. Mikothioli inachukua mapigo hayo. Na sumu ikiingia inafanyika kitu cha akili sana: mikothioli inang'ang'ania sumu, kimeng'enya kinakuja kinakata pale kati, ule upande wa sisteini ulioshika sumu unatupwa nje ya seli na upande wa sukari unabaki ndani unatengenezewa sisteini nyingine. Anatupa uchafu, sahani anabaki nayo. Figo na ini zako zinafanya kitu cha karibu na hicho kwa glutathioni, mabaki yanatoka kwenye mkojo.

8. Basilithioli ndo mpya?

Mpya kwetu, wao wanayo tangu zamani. Ilichapishwa mwaka 2009 na kundi la Gerald Newton na Fahey, wakaikuta kwa mdudu wa kimeta, kwa Staphylococcus aureus na kwa Deinococcus radiodurans yule anayevumilia mionzi. Ni sisteini juu ya glukosamini iliyoungwa na maleti. Mwaka uliofuata jeni zake zikapatikana kwa Bacillus subtilis, nazo ni bshA, bshB1, bshB2 na bshC.

Onyo kwa mnaofanya utafiti wa Staph: ule ukoo maarufu wa maabara unaotokana na NCTC 8325 una bshC iliyoharibika, hautengenezi basilithioli. Watu wamepima mambo ya msukosuko wa oksijeni kwenye mdudu ambaye ameshavuliwa ngao. Kagua ukoo wako kabla hujaandika hitimisho.

9. Kuna wasio na hata moja?

Wapo wasiotengeneza ila wanaazima, baadhi ya Streptococcus wananyonya glutathioni kutoka kwa mwenye mwili. Listeria anaitengeneza na anaitumia kama ishara: glutathioni inashika protini inaitwa PrfA, na hapo jeni za kushambulia zinawashwa. Hii ilionyeshwa mwaka 2015.

## Dawa na usugu

10. Molekuli hizi zinahusikaje na usugu wa dawa?

Mfano ulio wazi kabisa ni fosfomaisini, ile dawa ya UTI ya unga unaokoroga kwenye maji unakunywa mara moja. Dawa ile ina pembetatu ndogo iliyobanwa, ni kama mtego uliotegwa, na inaua kwa kujifyatua kwenye kimeng'enya cha kujenga ukuta wa bakteria. Bakteria sugu anaufyatua mtego mapema, kimeng'enya FosA kinaibandika glutathioni kwenye dawa na dawa inakufa.

Sasa Staph na Bacillus hawana glutathioni, ila nao wana kimeng'enya cha hivyo, FosB, na kwa muda mrefu haikueleweka kinatumia nini hasa. Jibu lilikuwa basilithioli. B. subtilis aliyenyimwa basilithioli anakufa kwa fosfomaisini sawasawa na yule aliyenyimwa FosB yenyewe. Listeria ana FosX ambayo inatumia maji tu. Mtego mmoja, njia tatu za kuufyatua.

11. Kwa TB je, ukiondoa mikothioli dawa zinafanya kazi zaidi?

Hapa ndo watu wanashangaa, kwa sababu inategemea dawa. Ethionamaidi, ambayo yenyewe ina salfa na inatumika kwa TB sugu, inaingia ikiwa imelala na inabidi iamshwe ndani ya mdudu. Utafiti wa 2008 ulionyesha mdudu wa TB aliyepoteza jeni mshA, kwa hiyo hana mikothioli, anakuwa sugu kwa ethionamaidi, inaonekana kwa sababu dawa haiamshwi inavyotakiwa. Mdudu huyohuyo alihitaji kuwekewa kimeng'enya cha kuvunja peroksaidi ndo aote. Yaani alipata usugu upande mmoja akawa dhaifu upande mwingine.

Kwa hiyo ukisoma mtu anasema "tutaua TB kwa kuzuia mikothioli", muulize ataichanganya na dawa gani. Na kama uko kwenye dozi ya TB, humu hakuna kitu kinachobadilisha dozi yako, meza mpaka mwisho, nimeona watu waliokatisha na sitaki kuona tena.

12. Penisilini na Septrini nazo si zina salfa?

Zina salfa zote, ila kwa hadithi tofauti. Penisilini inatengenezwa na kuvu kutoka kwenye amino asidi tatu, mojawapo ni sisteini, na ile salfa ya sisteini ndo unaikuta kwenye umbo lake. Septrini ina salfa kwenye kikundi cha sulfonamaidi, ukoo ulioanzia kwa Prontosil ya Gerhard Domagk (alichapisha 1935, Nobel ya 1939). Inafanya kazi kwa kuzuia bakteria kutengeneza foleti, SH haihusiki kabisa. SP ya malaria ambayo mama wajawazito wanapewa kliniki nayo ni ukoo huo.

Na tafadhali, mzio wa "dawa za salfa" ni mzio wa molekuli hizo za sulfonamaidi. Haimaanishi una mzio wa salfa yenyewe, usingeweza kuishi, rudi swali la 1. Mwambie daktari jina kamili la dawa iliyokudhuru.

13. Bibi alituambia kitunguu saumu kinaua vijidudu. Ni kweli?

Kwenye sahani ya maabara ni kweli kabisa na sababu yake ni salfa. Punje nzima haina harufu kali. Ukiitwanga kwenye kinu unavunja vyumba viwili vilivyotenganishwa, kimeng'enya kinakutana na aliini na ndani ya sekunde chache inazaliwa alisini, ndo ile harufu inayokupiga puani. Iligunduliwa na Cavallito na Bailey mwaka 1944. Alisini inazivamia SH za bakteria na kuzishika mkono kwa nguvu, protini zinakwama. Glutathioni na basilithioli zinajitoa mhanga kukamata alisini, ndo maana Staph asiye na basilithioli anaumia zaidi nayo.

Ukikitia kwenye mafuta ya moto kikiwa kizima kile kimeng'enya kinaungua kabla hakijafanya kazi, kwa hiyo twanga kwanza, acha dakika chache. Ila alisini haidumu, na hakuna anayejua amekula kiasi gani na kimefika wapi mwilini. Kwa pilau sawa, kwa nimonia ya mtoto nenda hospitali.

14. Eti gesi ya mayai viza inawalinda bakteria na antibayotiki?

Ndiyo. Mwaka 2011 kundi la Evgeny Nudler wa New York lilionyesha kwamba E. coli, Staph, Pseudomonas na mdudu wa kimeta wakizimiwa vimeng'enya vinavyotoa haidrojeni salfaidi kutoka kwenye sisteini, wanakufa kirahisi zaidi kwa antibayotiki. Mwaka 2021 kundi hilo likaja na molekuli zinazozuia kimeng'enya hicho kwa Staph na Pseudomonas na dawa zikapata nguvu zaidi, kwenye panya pia. Bado sio kitu cha kununua duka la dawa.

## Harufu na maisha ya nyumbani

15. Choo na shimo la majitaka linanuka vile kwa nini?

Kuna bakteria wanaopumua salfeti kama sisi tunavyopumua oksijeni, kule chini kusiko na hewa. Wa kwanza kuwaotesha alikuwa Beijerinck wa Uholanzi mwaka 1895. Wanachotoa ni haidrojeni salfaidi. Wengine wanaitoa kwa kuvunja sisteini ya mabaki ya chakula.

Naomba hili lisomwe vizuri: gesi hii ikiwa kidogo inanuka, ikiwa nyingi inaua pua kwanza, husikii tena harufu, unadhani imeisha. Halafu inaua mtu. Mafundi wanashuka shimoni, wa kwanza anaanguka, wa pili anamfuata kumuokoa anaanguka juu yake. Usishuke bila vifaa vya kupumulia hata kama hunusi kitu, na aliyeanguka usimfuate hivihivi.

16. Kikwapa je? Mbona mtu anaoga na bado?

Sio uchafu peke yake. Jasho la kwapani likitoka halina harufu, lina molekuli ambayo salfa yake imefungwa kwenye sisteini na glaisini. Staphylococcus hominis anaiingiza ndani, anaikata, anakula sehemu yake na kutema thioli yenye harufu ya kitunguu. Kimeng'enya chenyewe kilichapishwa mwaka 2020 na watafiti wa York, Uingereza. Pua ya binadamu inaidaka hata ikiwa kidogo mno. Kwa hiyo mtoto wa sekondari akianza kunuka msimcheke, bakteria wake wamepata kazi mpya, mfundisheni kuoga na kupaka anachohitaji.

17. Biogesi inahusiana na salfa?

Kwa njia mbili. Methani yenyewe inatengenezwa na akea, viumbe wanaofanana na bakteria kwa macho lakini ni ukoo tofauti, na hatua yao ya mwisho inahitaji thioli mbili ndogo, koenzaimu M na koenzaimu B. Kundi la methili linakaa juu ya salfa ya koenzaimu M, linaachiwa likiwa methani, na zile salfa mbili zinashikana mkono. Bila salfa hiyo usingechemsha chai kwa mavi ya ng'ombe. Kazi hiyohiyo inafanyika chini ya Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, ambako kumelala methani kama kilomita za ujazo 60, na Rwanda wanaivuta kuzalisha umeme, mtambo wa KivuWatt ni megawati 26.

Njia ya pili ni kero: biogesi inakuja na haidrojeni salfaidi inayokula vichwa vya jiko na mabomba. Ipitishe kwenye chombo chenye chuma cha kutu, kutu inashika salfa na kugeuka nyeusi. Ikishajaa weusi ibadilishe.

18. Na ile harufu ya bahari?

Wengi wakishuka Forodhani au ufukwe wowote wanasema "harufu ya chumvi", chumvi haina harufu. Mwani na mimea midogo ya baharini inatengeneza molekuli ya salfa inaitwa DMSP, bakteria wanaila kwa ajili ya kaboni na salfa yake, na baadhi wanaachia gesi inaitwa DMS, ndo unayonusa. Mwaka 1987 Lovelock na wenzake watatu walipendekeza kwamba gesi hiyo inasaidia kujenga mawingu na kurekebisha joto la dunia. Sehemu ya mawingu ina msingi, ile ya kurekebisha joto imepingwa sana.

## Maabara, na maswali ya pembeni

19. TSI yangu imekuwa nyeusi, nyingine haikuwa, ina maana ya pili haitoi salfaidi?

Hapana. Kwenye TSI (ile agari ya kwenye tyubu tunayootesha bakteria ili kuwatambua) kuna thiosalfeti na chuma, bakteria akitoa salfaidi kutoka kwenye thiosalfeti inakutana na chuma na weusi unatokea. E. coli haleti weusi kwenye TSI, lakini umeshasoma swali la 14, anatoa salfaidi kutoka kwenye sisteini. Ning'iniza karatasi ya ledi aseteti juu ya supu yenye sisteini na asubuhi unakuta ncha imegeuka kahawia iliyokolea. Kipimo kinakujibu ulichokiuliza tu.

Pia Salmonella Typhi mara nyingi analeta weusi mdogo, kamstari kembamba kama sharubu pale mteremko unapokutana na kitako cha tyubu, na Paratyphi A kwa kawaida haleti kitu. Nikiwa mwanafunzi nilishaandika hasi kwenye tyubu yenye kamstari hako kwa sababu nilikuwa nangoja tyubu nzima iwe nyeusi. Inyanyue kwenye mwanga, iangalie pembeni.

Wale mnaopima maji vijijini kwa chupa inayogeuka nyeusi, ni kemia hiyohiyo, ilianza India mwaka 1982. Nyeusi inaonyesha dalili ya uchafu wa kinyesi, haitaji mdudu gani.

20. Glutathioni hii ndo ile ya sindano za kung'arisha ngozi?

Molekuli ni hiyohiyo. Lakini iliyoko ndani ya seli imetengenezwa humohumo na inarudishwa kazini kila inapotumika. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imesema wazi haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi, na imeonya kuhusu hatari za sindano hizo. Naulizwa hili na wasichana wadogo na jibu langu ni moja, usichomwe.

21. Ergothioneini ni thioli ya nne?

Unaweza kusema hivyo. Ilitolewa kwenye kuvu na Charles Tanret mwaka 1909. Mdudu wa TB anaitengeneza pamoja na mikothioli, kwa hiyo ana ngao mbili. Sisi hatuitengenezi, tunaipata kwenye chakula hasa uyoga, na mwili una mlango wake maalumu wa kuipokea. Salfa yake imekaa kwa namna ambayo haiungui haraka kama SH ya kawaida.

22. Vimelea wa malale ni bakteria? Mbona wametajwa kwenye somo la thioli?

Sio bakteria, ni trypanosoma anayeletwa na mbung'o, ila anatajwa kwa sababu ana thioli yake mwenyewe, trypanothioni, iliyotambuliwa na Alan Fairlamb na Anthony Cerami na wenzao mwaka 1985. Ni glutathioni mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba ya spermidini. Melarsoprol, ile dawa ya zamani ya malale yakishafika kwenye ubongo, ina aseniki, na aseniki inang'ang'ania hizo SH mbili kama ilivyoelezwa swali la 3. Lakini mgonjwa naye amejaa SH, kwa hiyo dawa ilimshika na yeye, na ilikuwa inaua kama mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa nayo.